Leseni imefungiwa, shemeji ana mpango: nitapata wapi bima?

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia nikiwa kwenye maegesho ya kazini, ndani ya gari nisilotakiwa kuliendesha. Nimeanza na hilo ili usije kusema nilikuficha.

Naishi Houston, mwaka wa tano sasa, kwa dada yangu na mumewe. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, zamu za usiku. Basi hazifiki ninakokwenda, na hata zingefika, kwa saa ninazotoka nisingelikuta hata moja. Gari ni langu, Corolla kuukuu, nilishamaliza kulilipia.

Mwaka juzi polisi alinisimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua. Akaomba kadi ya bima, nikampa. Akaenda nayo kwenye gari lake, akarudi akaniambia bima hii ilikufa wiki tatu zilizopita. Kumbe benki ilinibadilishia kadi, na mimi sikukumbuka kuwapa watu wa bima namba mpya. Nikaandikiwa tiketi. Sikwenda mahakamani, nililipa kwa simu jioni ileile, nikashukuru yameisha.

Mwaka huu mmoja wa wazee niliokuwa nawatunza alifariki, saa zangu za kazi zikapungua karibu nusu. Nikajiambia bima isubiri mwezi mmoja, nilipe kodi kwanza. Mwezi ukazaa mwezi. Nikasimamishwa tena, safari hii kwa kubadili njia bila kuwasha indiketa, na kabla sijashusha kioo askari alishajua sina bima. Tiketi ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Nikalipa vilevile, kwa simu.

Ndipo ikaja barua ya DPS, idara ya Texas inayosimamia leseni za udereva: leseni yangu na usajili wa gari vitasimamishwa nisipoleta kitu kinachoitwa SR-22. Nilidhani ni fomu ya kujaza. Nikaitafuta mtandaoni niichapishe, sikuiona. Siku zikaenda, leseni ikafungiwa. Kampuni yangu ya zamani ya bima ikaniambia kwa upole kwamba haichukui watu wa SR-22. Ya pili ilinitajia bei inayokaribia kodi ninayomchangia dada.

Sasa shemeji, Mungu ambariki, ana mpango. Anasema gari nilihamishie jina lake, yeye aliongeze kwenye bima yake ambayo haina doa, nami niendelee kuendesha polepole hadi muda upite. Dada anaona sawa. Kuna na kijana mmoja anauza kadi za bima kwa dola 60, anasema wengi wanazo.

Mjomba, SR-22 ni bima gani? Nani atamwekea bima mtu asiye na leseni? Nitakaa na jambo hili miaka mingapi? Na mpango wa shemeji je? La mwisho: mwezi ujao ofisi inakusanya nakala za leseni za wafanyakazi wote. Nifanyeje?

Naogopa Taa za Bluu, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Swali la gari lako lililoko hapo maegeshoni hukuniuliza, lakini nalijibu kwanza. Asubuhi ukitoka zamu, mpigie dada aje akuchukue, au mwenzako wa kazi akusogeze. Gari libaki hapo. Texas, kuendesha leseni ikiwa imesimamishwa ni kosa linalosimama peke yake, mbali na lile la kukosa bima. Mara ya kwanza ni kosa dogo la faini, hadi dola 500. Mara ya pili linapanda daraja: faini hadi dola 2,000 na uwezekano wa kukaa jela hadi siku 180. Na ukiwa huna bima, ukasababisha ajali ambayo mtu ameumia vibaya au amekufa, linapanda tena, hadi mwaka mzima ndani. Leo una tatizo la makaratasi, na makaratasi yanatengenezeka. Sitaki ulibadilishe kuwa tatizo la jinai kwa sababu ya safari ya nusu saa.

Turudi nyuma kidogo, maana nahisi hujajua ni wapi hasa ulipojikwaa. Hukujikwaa siku ya taa iliyoungua. Ulijikwaa jioni ile ulipolipa kwa simu. Kulipa tiketi bila kufika mahakamani ni sawa na kukubali kosa, na kukubali kosa ni hatia inayopelekwa DPS na kukaa kwenye rekodi yako. Hatia ya kwanza ya kuendesha bila bima Texas ni faini tu, kati ya dola 175 na 350, pamoja na gharama za mahakama. Ya pili ndiyo yenye meno: faini inakwenda kati ya dola 350 na 1,000, na leseni na usajili wa gari vinasimamishwa. Kwa hiyo tiketi ya kwanza uliyodhani imeisha ilikuwa imelala tu ikisubiri mwenzake.

Nawaambia na wengine mnaosoma barua hii: tiketi ya bima msiikimbilie kuilipa. Kama siku ile bima ilikuwa hai ila kadi uliisahau nyumbani, peleka uthibitisho mahakamani na kesi inafutwa. Kama kweli hukuwa nayo, fika mbele ya hakimu uombe muda wa uangalizi. Anaweza kukupa, ukitimiza masharti yake kosa halihesabiwi kuwa hatia. Hakimu halazimiki kukubali, lakini simu yako haiwezi kumwomba kwa niaba yako.

Na huyo askari hakuwa mganga. Texas ina mfumo unaoitwa TexasSure, unafanya kazi tangu 2008. Kampuni za bima zinapeleka humo orodha ya magari zinayoyalinda, na polisi akiingiza namba ya gari anaona kama lina bima au halina. Ndiyo maana kijana wa kadi za dola 60 hana anachokuuzia. Kadi yake inaweza kuwa na nembo nzuri na rangi za kupendeza, lakini jina lako halimo kwenye kompyuta, na sasa utakuwa na kosa la kuonyesha karatasi ya uongo juu ya yale mawili. Muulize tu kwa nini mwenyewe anatembea kwa basi.

Sasa SR-22. Jina lake linawatisha watu bure. SR-22 siyo bima, wala siyo fomu unayojaza wewe. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inaipelekea DPS kusema: huyu mtu tunamjua, ana bima ya kiwango kinachotakiwa, na siku akiiacha tutawaambia. Ichukulie kama barua ya mdhamini. Wewe unanunua bima ya kawaida, unamwambia wakala "nahitaji na SR-22", kampuni inaituma, nyingi zikituma kwa kompyuta siku hiyohiyo. Ada ya kuituma ni ndogo, mara nyingi haizidi dola 50. Kinachopandisha bei siyo cheti. Ni zile hatia mbili, pamoja na miezi uliyokaa bila bima, kwa sababu kampuni za bima zinamwogopa mtu aliyekatika kuliko zinavyomwogopa mwenye gari bovu.

Muda wake kwa kosa lako ni miaka 2, na hapa soma polepole. Miaka hiyo haihesabiwi kuanzia siku utakayonunua bima. Inahesabiwa kuanzia tarehe ya hatia ya mwisho, yaani ile jioni uliyolipa tiketi ya pili. Tafuta risiti yake uiweke mahali salama. Ukisikia mtu anasema miaka 3, huenda anasema kweli kwa jimbo lake. Majimbo mengi yana miaka 3, na yapo majimbo yasiyotumia SR-22 kabisa. Pia wazee wetu wa hapa watakutisha na ada ya dola 250 kila mwaka kwa miaka 3 juu ya faini. Ilikuwepo kweli, na iliwafunga watu wengi leseni kwa sababu tu walishindwa kuilipa, lakini Texas iliifuta tarehe 1 Septemba 2019. Hiyo huna.

Nani atakuwekea bima ukiwa huna leseni? Wapo, na hawafanyi siri. Soko la bima lina pande mbili. Upande mmoja ni kampuni zinazotaka madereva wasio na doa, na ndizo unazoziona kwenye matangazo. Upande wa pili ni kampuni zinazoishi kwa kuwachukua waliotoka kwenye matatizo. Wewe ulipiga mlango wa upande wa kwanza, ukafukuzwa kwa upole. Tafuta wakala huru, yaani anayeuza bima za kampuni nyingi na siyo moja, kisha neno lako la kwanza mdomoni liwe hilo: leseni yangu imesimamishwa kwa kuendesha bila bima, gari ni langu, nahitaji SR-22 ya Texas. Usianze kwa kuulizia bei halafu ukaitaja SR-22 mwishoni kama mtu anayekohoa. Bei yote uliyopewa itatupwa na mtaanza upya.

Niliwahi kukaa nyuma ya meza ya bima miaka kadhaa kabla sijaanza kuandika safu hii, kwa hiyo naomba uniamini kwenye jambo hili dogo: bei za watu kama wewe zinapishana ajabu kutoka kampuni moja hadi nyingine. Dereva mwenye rekodi safi akizunguka kampuni tano anaona bei zinazofanana. Mwenye doa akizunguka hizohizo anaweza kuona moja inamtaka mara mbili ya nyingine kwa kitu kilekile. Kwa hiyo bei ile iliyokaribia kodi usiichukue kama hukumu. Ni bei ya kampuni moja. Pata tatu au nne zilizoandikwa. Idara ya Bima ya Texas, TDI, ina tovuti ya kulinganisha bei inayoitwa HelpInsure, na hukohuko TDI unaweza kuhakikisha kama wakala unayezungumza naye ana leseni ya kazi yake.

Unapolinganisha, hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Kiwango cha chini kinachotakiwa Texas kinaitwa 30/60/25: dola 30,000 kwa mtu mmoja atakayeumizwa na kosa lako, dola 60,000 kwa wote watakaoumia kwenye ajali hiyo moja, na dola 25,000 kwa mali utakayoharibu. Ndiyo bima ndogo tuliyoizoea nyumbani, haitengenezi gari lako. Kwa kuwa Corolla yako haidaiwi na benki, hakuna wa kukulazimisha kuchukua bima kubwa, na kwa gari la umri huo nisingekushauri uichukue mwaka huu. (Anayedaiwa gari hana uhuru huo. Akiacha bima kubwa, mkopeshaji atamwekea yake kwa bei ya kuumiza, na ile inamlinda mkopeshaji tu.)

Kuna vitu viwili wakala atakuwekea mezani akuulize kama unavikataa, na ukivikataa utatia saini. Cha kwanza kinaitwa PIP: kinalipa matibabu yako mwenyewe bila kujali nani alikosea, pamoja na asilimia 80 ya mshahara ulioukosa kwa kuumia. Kiwango chake cha chini ni dola 2,500. Wewe unalipwa kwa saa, na umeshaona saa zikipungua nini kinafuata, kwa hiyo hiki usikikate kama kinabebeka. Cha pili kinakulinda ukigongwa na mtu asiye na bima. Sitasema zaidi, wewe mwenyewe unajua watu hao wapo barabarani.

Pia uliza malipo ya kwanza ni kiasi gani, maana bima nyingine zinatangazwa kwa malipo madogo ya mwezi huku kianzio kikiwa kikubwa. Uliza wanatoza nini kwa kila awamu, na ukichelewa siku ngapi ndipo wanafuta. Kulipa miezi 6 kwa mkupuo mara nyingi kunapunguza jumla. Kama dada na shemeji wanataka kukusaidia, hapo ndipo msaada wao ungefaa.

Ukikataliwa kabisa na kampuni mbili ndani ya siku 60, Texas ina mlango wa mwisho unaoitwa TAIPA. Wakala yeyote mwenye leseni anaweza kukujazia maombi, na kampuni itapangiwa kukuchukua, itake isitake. Utapata bima ndogo pamoja na vile viwili nilivyotaja, basi. Bei yake haichekeshi, ndiyo maana nimeiweka mwisho.

Sasa shemeji. Namheshimu, kwa sababu mtu anayekubali kuweka jina lake kwenye gari la mwingine anakupenda. Lakini mpango wake una tundu kubwa ambalo naona hamjalitazama nyote watatu: haukurudishii leseni. DPS haisubiri kuona gari lina bima. Inasubiri kuona wewe, kwa jina lako, una SR-22. Gari linaweza kuwa la shemeji, bima ikawa ya shemeji, na wewe ukisimamishwa bado ni dereva aliyefungiwa, safari hii na shemeji kando yako, kwa sababu kumkabidhi gari mtu unayejua hana leseni halali nalo ni kosa. Ukigonga mtu, mwanasheria wa aliyegongwa ataanza na swali hilohilo: ulijua?

Halafu mnaishi nyumba moja. Kampuni ya bima ya shemeji itamtaka awataje watu wote wa nyumbani walio na umri wa kuendesha. Akikutaja, wataona rekodi yako na bei yake itapanda, au watamtaka atie saini kwamba wewe umetolewa kwenye bima ile. Ukishatolewa, siku utakaposhika usukani gari halina bima yoyote, hata kama kadi iko kwenye droo. Asipokutaja, amedanganya kwenye maombi, na uongo huo hautaonekana siku ya kulipia. Utaonekana siku ya ajali, siku ambayo kampuni ina sababu ya kuutafuta. Nimeona familia ikigawanyika kwa jambo la namna hii, na aliyekuwa na kosa dogo mwanzoni ndiye alimaliza akiwa na deni dogo kuliko wote. Aliyejitolea ndiye aliyelia.

Jirani yako mwenye tatizo kama lako lakini asiye na gari anaweza kununua bima ya dereva asiye na gari, nayo inakubaliwa kwa SR-22 na kwa kawaida ni nafuu. Nakutajia kwa sababu mtu atakushauri umuuzie shemeji gari kisha uchukue hiyo. Haitakusaidia: bima ile hailindi gari la mtu unayeishi naye, wala gari unaloliendesha mara kwa mara. Gari lako libaki jina lako, bima yako iwe ya mwenye gari, na umwambie wakala wazi kwamba usajili wa gari nao umesimamishwa.

Ukishanunua, usiwashe gari bado. Hapa ndipo wengi wanajikwaa mara ya tatu. Wanatoka kwa wakala na kadi mpya mkononi, kadi halali kabisa, wanadhani imewarudishia leseni. Kuna mtu nilimwekea bima asubuhi, akasimamishwa mchana. Bima hai, leseni bado imekufa. Ingia kwenye ukurasa wa Texas wa kuangalia hali ya leseni, weka namba yako, utaona kila kinachoizuia. Ada ya kuirudisha kwa kosa hili ni dola 100. Kama kuna tiketi nyingine ya zamani hukuifikia mahakamani, nayo itaonekana hapo ikikuzuia, na SR-22 haiifuti. Mpaka umalizane na mahakama iliyoitoa. Subiri hadi ukurasa useme unastahili kuendesha. Upige picha ya kioo cha simu siku hiyo, ukae nayo. Na kama itatokea kizuizi kisichofunguka haraka, mahakama inaweza kukupa leseni maalumu ya kwenda kazini na mahitaji ya nyumbani, kwa saa na njia zilizoandikwa. Nayo inataka SR-22, kwa hiyo kwa vyovyote hatua ya kwanza ni ileile.

Kinachobaki ni miaka 2 bila kukatika hata siku moja, na kwa historia yako hapa ndipo nina wasiwasi nawe kuliko kwenye bei. Mara zote mbili bima yako haikufa kwa ukaidi. Ilikufa kwa kadi ya benki na kwa mwezi mbaya. Sasa kampuni ikifuta bima yako, inaipelekea DPS taarifa inayoitwa SR-26, na leseni inafungwa tena. Kwa hiyo panga tarehe ya malipo siku mbili tatu baada ya mshahara, siyo kabla. Tenga malipo ya mwezi mmoja pembeni, yasiguswe kwa kodi wala kwa harusi. Benki ikikubadilishia kadi, simu ya kwanza iwe kwa watu wa bima. Na mwezi mbaya ukija tena, mpigie wakala kabla ya tarehe, siyo baada. Anaweza kukusogezea siku au kukupunguzia kitu. Akishafuta hana la kufanya.

Usifunge ndoa na kampuni itakayokuchukua sasa. Kila miezi 6 inapokwisha zunguka tena uulize bei, kwa sababu miezi 6 bila kukatika tayari inakubadilisha machoni pao. Ukipata nafuu, nunua mpya kwanza, hakikisha SR-22 mpya imefika DPS, ndipo uiache ya zamani. Ukihamia jimbo lingine kabla ya muda, SR-22 ya Texas inakufuata; mwambie wakala kabla hujapakia mizigo. Na miaka 2 ikitimia, hakikisha tarehe na DPS kisha umwombe wakala akiondoe cheti. Hakiondoki chenyewe.

Limebaki la kazini, na hili nalo usilifiche. Usisubiri siku ya kukusanya nakala. Mwone msimamizi wiki hii, ukiwa na uthibitisho wa bima na SR-22 mkononi kama utakuwa umeshanunua, umwambie leseni inarudishwa na kwa sasa unahitaji zamu zilizo karibu na mtu wa kukubeba. Ofisi nyingi zinavumilia mtu anayetengeneza jambo lake. Zinachoshindwa kuvumilia ni kugundua kwamba mfanyakazi amekuwa akija kwa mteja bila leseni. Umuulize pia kama kazi yako inakutaka uwabebe wazee kwenye gari lako, hata kwenda hospitali mara moja kwa wiki. Kama ndiyo, wakala lazima ajue kabla hajakuandikia bima, kwa sababu bima ya gari la kwenda kazini na ya gari linalofanya kazi hazifanani.

Msalimie dada. Na shemeji mwambie nimemshukuru kwa moyo wake. Jina lake aliache pale lilipo, ila kama bado anataka kusaidia, asubuhi saa moja kuna mtu anasubiri kuchukuliwa kazini.

Mjomba